UKIENDA NAIROBI, UTALALA WAPI?

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike makala ya kufunza jambo ambalo mwanafunzi hawezi kulipata katika vitabu vya darasani. Nilikuna kichwa siku mbili. Mwishowe nikakumbuka safari mbili nilizofanya na mama yangu mzazi kwenda Nairobi, moja Aprili 2025 na nyingine Agosti 2025. Safari ya kwanza tulipoteza miezi minne ya matibabu kwa kulala mtaa usiofaa. Safari ya pili tulilala mtaa ambao wengi hapa kwetu wanauogopa hata kuutaja, na mambo yakanyooka.

Basi somo langu ni hili: mgeni achague vipi mtaa wa kulala anapozuru jiji kubwa kama Nairobi? Najua kuna watakaosema, "Kwani kuna kuchagua? Si mtu hulala kwa ndugu yake?" Hivyo ndivyo nilivyodhani hata mimi. Hebu nifuateni polepole.

1. JIJI LENYEWE LIMEKAAJE?

Huwezi kuchagua mtaa kabla hujajua jiji limekaaje. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 ikiwa kambi ya wajenzi wa reli iliyotoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mwaka wa 1950 ilipewa hadhi ya jiji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika eneo la kilomita za mraba 696 hivi. Na hao ni wale wa kaunti peke yake! Mitaa kama vile Ongata Rongai na Kitengela iko Kajiado, nayo Ruaka iko Kiambu, lakini wakazi wake wengi huingia Nairobi kila kunapokucha kutafuta riziki.

Wakati wa ukoloni jiji liligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa pande za juu, magharibi na kaskazini, kama vile Kilimani, Karen na Muthaiga. Wahindi walikaa Parklands, Ngara na Pangani. Waafrika walipewa upande wa mashariki, ndiyo maana huko utasikia majina kama Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni. Baada ya uhuru ubaguzi ule uliondolewa katika sheria, lakini barabara hazikung'olewa. Upande wa mashariki, yaani Eastlands, ulizidi kujengwa: Buruburu na Umoja katika miaka ya 1970, kisha mingine mingi ikafuata. Hadi leo watu wengi wanalala mashariki na kaskazini-mashariki, ilhali ofisi na hospitali nyingi zinazotajwa sana ziko katikati na magharibi. Kwa hivyo kila asubuhi jiji zima ni kama linainama upande mmoja, na jioni linainuka kurudi.

Jambo la pili ni matatu. Mwaka wa 2014 watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi. Ukiitazama ramani ile utaona njia zimekaa kama spoki za gurudumu la baiskeli. Nyingi zinatoka mtaani kwenda katikati ya jiji, ambako wenyeji hupaita tao. Ni chache zinazotoka mtaa mmoja kwenda mtaa mwingine bila kupitia tao. Maana yake ni kwamba ukilala upande mmoja na shughuli yako iko upande wa pili, huna safari moja bali una safari mbili, na katikati yake unatembea kwa miguu kuvuka tao ukitafuta stegi ya pili.

Ndiyo maana nasema umbali wa Nairobi haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa kuuliza, je, nitavuka tao au sitavuka? Laiti ningelijua hilo mwezi wa Aprili!

2. SAFARI YA KWANZA

Mama alikuwa na uvimbe shingoni kwa zaidi ya mwaka mmoja. Daktari wa huku kwetu Webuye alimwandikia barua ya kwenda hospitali moja kubwa iliyo upande wa Upper Hill, Nairobi. Siku iliyoandikwa ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Aprili 2025, saa mbili kamili asubuhi. Baba hakupata ruhusa kazini. Kwa kuwa nilikuwa likizoni, nikateuliwa kumsindikiza mama.

Mjomba wangu anaishi Githurai, kando ya barabara ya Thika. Alipopata habari hakuuliza hata swali moja. Alisema, "Dada, nyumba ipo. Njoni." Tuliwasili Jumatatu jioni. Tulipokewa kwa mikono miwili, tukala, tukazungumza hadi usiku wa manane. Mwenyewe ningempa mjomba alama mia kwa mia katika ukarimu.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha kama maji ya mfereji. Tulipanga kutoka saa kumi na moja, lakini mkaza mjomba alikuwa amerauka kutupikia chai na chapati, na kuondoka bila kula ingekuwa utovu wa adabu. Tulitoka saa kumi na mbili kasorobo. Stejini tulikuta foleni ndefu, na nauli imepanda kwa sababu ya mvua. Msifikiri ni mchezo. Nairobi mvua ikigusa ardhi, nauli inagusa mawingu.

Barabara ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, na kweli ni pana. Lakini inapofika Pangani na Ngara, magari ya njia nyingi yanabanwa kuingia njia chache. Hapo tulikwama. Mama alikuwa ameshika karatasi yake ya hospitali mkononi na kila baada ya dakika chache ananiuliza, "Ni saa ngapi?" Tulishuka tao saa mbili na nusu. Saa yetu ilikuwa imeshapita, na tulikuwa bado hatujavuka!

Tulivuka tao kwa miguu, mvua ikitupiga, mama anapumua kwa shida, mimi nimebeba mkoba na kuuliza njia kila kona. Tulipata matatu ya pili upande wa stesheni ya reli. Nayo ilitambaa kama konokono. Tulifika hospitalini saa nne kasoro dakika kumi.

Karani alikuwa mtu mwenye heshima. Alituambia kwamba orodha ya daktari ya siku hiyo ilikuwa imefungwa, akatafuta siku nyingine iliyo wazi, akaandika: 12 Agosti 2025. Kosa halikuwa la hospitali, maana saa mbili ilikuwa imeandikwa waziwazi. Mama hakusema neno. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kifuani.

Miezi minne ni mirefu kwa mtu mgonjwa. Uvimbe uliongezeka. Mama akawa hawezi kulala chali, analala ameegemea mito miwili. Sauti ilianza kukwaruza, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Jumapili moja alinyamaza kabisa, mwingine akaanzisha. Siku hiyo nilijiambia kwamba safari nyingine sitaiacha iende hivihivi.

3. MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

Muhula wa pili nilimwomba mwalimu wetu wa Jiografia ramani ya Nairobi. Nilichora mstari kutoka Githurai hadi hospitali, nikaona umepita katikati ya tao kama kisu kinavyopita katikati ya papai. Ndipo nikaandika maswali haya matano. Nawaomba myanakili.

Swali la kwanza: Shughuli yangu iko upande gani, na ni saa ngapi? Anza na shughuli, usianze na nyumba. Shughuli ya saa mbili asubuhi ni kali kuliko ya saa sita mchana, kwa sababu wakati wa saa sita foleni za asubuhi zimekwisha. Kama saa yako ni ya asubuhi, lala karibu kabisa, ikiwezekana mahali pa kutembea kwa miguu.

Swali la pili: Je, nitavuka tao? Ukiweza kulala upande uleule wa shughuli, safari yako ni moja. Ukishindwa, basi lala katikati, ili ubakiwe na safari moja ya kutoka. Kutoka tao asubuhi kwenda nje ni rahisi zaidi kwa kuwa wengi wanaingia wakati wewe unatoka.

Swali la tatu: Basi langu litaniacha wapi, na saa ngapi? Mabasi ya huku magharibi huingia Nairobi kwa kupitia Kangemi na Westlands kabla ya kufika tao. Anayetoka Mombasa kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, hushukia Syokimau, nje ya jiji. Mtu anayefika usiku na mizigo asijitie kutafuta mtaa asioujua gizani. Heri alale usiku wa kwanza karibu na anaposhukia, kisha ahame kukipambazuka.

Swali la nne: Huko nyumbani kukoje? Uliza bila haya. Maji yapo? Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu. Lango hufungwa saa ngapi? Ukitoka saa kumi na moja alfajiri, nani atakufungulia? Choo kiko ndani au nje? Je, nyumba iko kando ya mto? Katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, waliokaa kando ya mto Mathare waliumia sana. Kwa mgonjwa, ngazi za ghorofa ya tano ni swali kubwa pia.

Swali la tano: Gharama yote ni ngapi? Watu huhesabu bei ya kulala, wakasahau nauli. Tuseme gesti ya mbali ni shilingi 700 na ya karibu ni shilingi 1,000. Wewe na mwenzako mkipanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja shilingi 60, nauli ni 480. Jumla ya ile ya mbali ni 1,180. Rahisi imekuwa ghali! Na hapo hujahesabu muda, wala mvua.

4. MIFANO KWA KUFUATA SHUGHULI

Msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema Githurai ni mtaa mbaya. La hasha! Hakuna mtaa mbaya wala mzuri mpaka useme unakwenda kufanya nini.

(a) Ukiwa na shughuli katika Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, au una mchezo katika uwanja wa Kasarani, uliofunguliwa mwaka wa 1987, basi kwa mjomba wangu Githurai ndiko kwenyewe. Wenye kulala Kilimani wakija huko watalia kama tulivyolia sisi.

(b) Ukiwa mfanyabiashara wa kununua nguo na vyombo Gikomba, Kamukunji na Eastleigh, lala Eastleigh yenyewe, Ngara au kandokando ya tao upande wa mashariki. Sehemu hizo zimekaribiana, na stendi ya mabasi ya mashambani iko hapo karibu, usije ukabeba magunia jiji zima.

(c) Anayesafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta ajue uwanja uko Embakasi. Alale upande huo, kwa mfano Pipeline au Utawala. Mwaka wa 2022 ilifunguliwa barabara ya juu kwa juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, lakini hiyo ni ya kulipia na matatu nyingi hupita chini. Mgeni wa nauli ya kawaida asiitegemee.

(d) Ukiitwa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa au balozi zilizo huko, Ruaka ni jirani. Westlands na Parklands pia zinafaa.

(e) Wanaokwenda kutalii Bomas au Mbuga ya Nairobi, ambayo ilianzishwa mwaka wa 1946, walale Lang'ata au Rongai. Rongai ni mbali na tao, ndiyo, lakini nani amekwambia lazima uende tao?

(f) Wanaokwenda hospitali za upande wa Upper Hill na Ngong Road watafute Golf Course, Ngumo, sehemu za Kenyatta Market, au Kibera. Naam, nimesema Kibera. Nitaeleza.

Onyo moja kuhusu majina. Uliza jina kamili la mahali. Kuna Githurai 44 na Githurai 45, nambari zilizotokana na njia za matatu. Kuna Kahawa West, Kahawa Sukari na Kahawa Wendani. Kuna South B na South C. Isitoshe, utingo hatakuitia jina la kwenye ramani. Buruburu ataiita Buru, Rongai ataiita Ronga, na Eastleigh ataiita Isili. Ukisubiri kusikia jina la kitabuni, utabaki stejini mpaka jua litue.

5. SAFARI YA PILI

Mama ana binti ya mama yake mkubwa anayeishi Kibera, upande wa Laini Saba. Mimi namwita mama mdogo. Huuza mboga na ana chumba kimoja. Nilipomwonyesha mama ramani na kumwambia tulale huko, alishtuka. "Kibera? Si huko ndiko watu huibiwa?" Nikamjibu, "Mama, kutoka huko hadi hospitali ni mwendo wa miguu. Hata mvua ikinyesha, miguu haina foleni."

Kwa wale wasiojua, Kibera ni mtaa wenye historia. Wenyeji wake wa kwanza walikuwa askari Wanubi waliopewa makao hapo na serikali ya kikoloni baada ya kutumikia jeshi. Jina lenyewe ni la Kinubi na maana yake ni msitu. Reli ya zamani hupita katikati ya mtaa.

Lakini kabla ya Kibera palikuwa na kizingiti kikubwa zaidi, nacho ni mjomba. Utamwambiaje ndugu ya mama yako kwamba hutalala kwake? Mama alimpigia simu mwenyewe, nami nimeketi kando. Nitayaandika mazungumzo yao jinsi nilivyoyasikia, kwa sababu naamini hiyo ndiyo sehemu ngumu ya somo hili.

"Dada, nyumba yangu imepungua nini?" mjomba aliuliza.

"Haijapungua kitu, ndugu yangu. Ni barabara iliyozidi."

"Ati ulale Kibera na mimi niko? Watu wa nyumbani watasema nini?"

"Waambie nilitangulia hospitali, kisha nikaja kwako na moyo uliotulia. Mara ile nilikula chakula chako na mawazo. Safari hii nataka kukila na raha."

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi siku ya kutoka hospitali mtalala hapa. Hilo sitaki tubishane."

"Hilo hatubishani," mama akasema, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda.

Wasomaji, oneni alivyofanya. Hakusema nyumba ni mbaya. Hakutoa udhuru wa uongo. Alimpa mjomba siku yake. Undugu haukuvunjika, ulipangiwa zamu tu.

Tulifika Jumatatu tarehe 11 Agosti mchana, kukiwa bado kweupe. Mama mdogo alikuja kutuchukua stejini mwenyewe, akatuambia tuweke simu ndani ya nguo na tusitembee kama watu wanaohesabu nyumba. Sitawadanganya kwamba tulistarehe. Tulilala watu watano katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa leso. Maji yalinunuliwa kwa mtungi. Choo kilikuwa nje na cha kulipia. Redio ya jirani ilizimwa saa sita ya usiku, na mtoto wa upande wa pili akachukua zamu. Mama alilala ameegemea ukuta. Usiku huo nilijiuliza mara mbili kama nimemponza mama yangu.

Kulipopambazuka mama mdogo alitutoa. Nje nilishangaa! Njia ilikuwa imejaa watu, mamia kwa mamia, wanaume kwa wanawake, wanatembea kwa miguu kwenda kazini. Hakuna aliyetutazama. Tulijiunga nao. Tulikwenda kwa mwendo wa mama, polepole, tukipumzika mara mbili, hadi tukatokea barabara ya Mbagathi, tukapanda kuelekea hospitali. Dakika arobaini na tano kwa jumla. Saa moja kamili tulikuwa kwenye benchi, na mama alikuwa mtu wa tatu katika foleni. Saa mbili ilipogonga, jina lake lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza kuitwa.

Daktari alimpima, akaagiza vipimo, na vyote vilifanywa siku hiyohiyo kwa sababu tulikuwa na kutwa nzima mbele yetu. Alipewa siku ya upasuaji mwezi wa Septemba. Jioni ile tulivuka tao kwenda Githurai. Tulikwama Ngara vilevile, lakini nani alijali? Hatukuwa na saa ya kukimbiza. Mjomba alichinja kuku. Alipomaliza kusikiliza habari zote alisema, "Kumbe mimi nikiitwa huko, itabidi nikalale Kibera!" Tukaangua kicheko wote.

Septemba mama alikwenda na baba, mimi nikiwa shuleni. Usiku wa kwanza walilala palepale kwa mama mdogo bila mimi kuwaongoza, maana mama njia alikuwa ameshaishika. Uvimbe ulitolewa, na majibu yalionyesha haukuwa saratani. Sauti bado haijarudi yote. Lakini Jumapili iliyopita alianzisha wimbo mmoja, wa chini chini, na watu wakaitikia.

6. HITIMISHO

Wapenzi wasomaji, si kila safari ni ya hospitali. Baadhi yenu mtakwenda Nairobi kwa usaili, kwa mashindano, au kujiunga na chuo. Kanuni ni ileile. Kwanza jua shughuli iko upande gani na ni saa ngapi. Pili, lala mahali ambapo hutavuka tao asubuhi. Tatu, ndugu wa mbali mpangie siku yake, usimnyime na usimfanye daraja la kuchelewea. Mtaa wenye sifa nzuri unaweza kukuchelewesha, na mtaa wenye sifa mbaya unaweza kukufikisha. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi ngamani yetu ilikuwa benchi la hospitali, na ilitupasa tuanzie hapo.

ZOEZI

1. Shangazi yako anaishi Rongai. Umeitwa kwenye usaili Kahawa, saa mbili asubuhi, siku ya Jumatano. Utalala wapi Jumanne usiku? Toa sababu mbili.

2. Jirani yako anafika Syokimau kwa treni usiku akiwa na watoto wawili. Shughuli yake ni kununua bidhaa Gikomba keshoye mchana. Mshauri kwa kutumia maswali matano uliyosoma.

3. Andika mazungumzo ya simu ambapo unamweleza ndugu yako kwa heshima kwamba hutalala kwake usiku wa kwanza. Usitumie udhuru wa uongo hata mmoja.

Majibu yaletwe kwenye mkutano wa chama. Hapa ndipo ninapotia nanga. Kiswahili kitukuzwe!